Maji ya Kijani kwa Watani

Jumatano, 8 Oktoba 1975

Nimepewa! Mie! Ndugu Zahor, mkuu wetu wa sehemu, kaniita asubuhi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema barabara ya machimbo kule nje ya Bunju utaikagua wewe. Nikasema "Ndiyo, Ndugu" kwa sauti ya mtu mzima. Nikatoka taratibu. Nikajifungia chooni nikarukaruka mpaka mtu akagonga mlango.

Kazi yenyewe hii hapa. Shirika linataka kuchimba mawe ya chokaa kilimani. Malori yanahitaji njia ya kushukia hadi barabara ya Bagamoyo. Kwenye ramani kuna mistari miwili. Mmoja mfupi, unapita kwenye mgongo wa mawe, juu ya chemchemi ya kijiji cha Mtopeni. Mwingine unazunguka kilima kwa nyuma – mrefu, unakula dizeli. Shirika linautaka mfupi. Mie niseme utayafanyia nini mazingira.

Mazingira! Neno jipya ofisini. Tangu liletwe, kila mtu analitamka kwa madaha kama jina la mchumba.

Mama Eufrazia, mwenye nyumba wangu hapa Tandale, kauliza hayo mazingira ndiyo nini. Nikamwambia ni vyote vinavyotuzunguka. Akautazama mtaro wa uani. "Basi anzia hapa hapa, mwanangu."

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimerudi na kiatu kimoja!

Naanza mwanzo. Mtopeni ni kijiji kipya, watu wengi ni Wazaramo. Mwaka jana walihamishwa kutoka mashambani kwao, wakaambiwa njooni hapa, kuna maji matamu. Na ni kweli. Visima vyote vya jirani vina chumvi, chai yake hainyweki. Lakini hii chemchemi! Inatoka chini ya jiwe, baridi, safi, chini yake mpunga, mchicha na magimbi. Ndiyo maji pekee waliyonayo. Yakiharibika, sijui watahamishiwa wapi tena.

Pale majini nikamkuta mama mmoja wa makamo, mnene, sauti ya baragumu. Anaitwa Bi Chausiku. Nikampa shikamoo. Kaitikia vizuri tu, halafu kaniuliza mie kabila gani. Nikasema siku hizi sote Watanzania. "Najua. Mtanzania wa wapi?" Wa Tabora, mama.

"Mnyamwezi!" Vigelegele! Akawaita wenzake wote. Mtani kaja! Mpagazi wake kaja, mbona kachelewa, mizigo yake iko wapi? Nikamjibu palepale: mizigo nimeitua njiani, nilisikia mwenyewe kafa, nimekuja kula ubwabwa wa matanga. Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Bi Chausiku akanikamata mguu, akachomoa kiatu – kile changu cha ngozi, kizuri! – akasema nitakikomboa kwa kuku.

Nilikulia kwa masista, utani nilikuwa nausikia kwa baba tu. Leo nimeuonja. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Kuna mwalimu wa shule pale, Shomari. Ndiye mtoto wa Bi Chausiku. Alikuja na chaki sikioni, kaniangalia, kasema, "Mke wangu, mbona umechelewa?" Utani tu. Watani wote ndivyo wanavyosema.

Nimeandika kwa ajili ya kumbukumbu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nimepanda kilimani pamoja na Ndugu Romani, mhandisi wa shirika. Mtu wa Songea, mchangamfu, kaunda suti imenyooka hata huku porini. Nilivaa ndala. Hakuuliza.

Anasema mwamba huu ni mgumu, dada, hata maji hayapenyi. Malori yatapita juu, vumbi na oili na tope vitabaki juu, mvua itavipeleka baharini. Chemchemi haihusiki. Ana mitambo inayongoja, ana wakubwa wanaouliza saruji iko wapi. Simlaumu. Nyumba tunazitaka sote.

Lakini nimeinama kwenye tundu moja, palepale mstari mfupi unapopita. Ubaridi ukanipuliza usoni. Nikatupa kokoto. Tk. Tk. Tk… halafu sikusikia tena. Nikatupa nyingine. Ndugu Romani kasema nina michezo.

Basi swali ni hili tu: hilo tundu linaishia wapi? Kama linaishia kwenye chemchemi, kila kitakachomwagwa na malori watu watakinywa. Kama haliishii huko, nimenyamaza, jengeni.

Na najua jinsi ya kuliuliza!

Jumatatu, 13 Oktoba

Maabara wamenipa rangi ya kupimia maji. Nimebembeleza, nimesifu, karibu nipige magoti. Kopo dogo. Ndani ni unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, lakini ukigusa maji – kijani! Kijani cha ajabu, kama kinawaka. Haina madhara kwa mtu. Unaimwaga juu, unangoja chini.

Nilifungua kopo kuchungulia tu. Sasa vidole vyangu vyote ni vya manjano, sabuni haifui dafu. Mama Eufrazia kaviona. "Hina hiyo? Umeolewa lini nisialikwe?"

Jumanne, 14 Oktoba

Mie sina raha leo, ila nacheka. Sijui nifanyeje.

Nilikwenda Mtopeni kuwatahadharisha. Nikawakusanya wanawake wote kwenye chemchemi. Nikasema kwa utaratibu: kesho maji haya yatageuka kijani. Si sumu. Lakini choteni leo ya kutosha, msifue kesho, msipike kesho.

Wakatazamana. Halafu wakaangua kicheko mpaka ndege wakaruka.

"Kesho ya kijani, keshokutwa ya maziwa!" Huyo Bi Chausiku. Alikuwa amevaa kiatu changu mguu mmoja, anakata mauno nacho. Nikasema jamani sitanii. Wakazidi. Nikaapa – "Wallahi!" – mie Mkristo! Ndiyo nikaharibu kabisa. Mama mmoja alikaa chini.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu mzito, hacheki ovyo. Kasikiliza mpaka mwisho, kanishika bega, kasema nyie Wanyamwezi mna mambo. Shomari naye: "Mke wangu anajua kutania." Nikamwambia nisikilize, mwalimu. Akaniangalia vizuri, akaacha kutabasamu.

Jumatano, 15 Oktoba

Ee Mungu wangu. Naandika huku bado nacheka.

Tulipakia mapipa ya maji kwenye Landrova, dereva na mie. Ndugu Romani hakuja, ana semina. Tukamimina rangi kwenye tundu, tukasukuma kwa maji, pipa baada ya pipa. Tukakaa. Dereva akasinzia. Nikala muhogo. Nikaanza kuwaza labda Ndugu Romani kasema kweli.

Ndipo nikasikia bondeni. Kelele! Si ya mtu mmoja – ya kijiji kizima!

Nilikimbia mpaka ndala zikakatika. Jamani, jamani. Chemchemi inawaka kijani. Mfereji kijani, mpunga umesimama kwenye kijani. Sare za shule, mashati meupe yote, yameanikwa na rangi yake. Sufuria ya Bi Chausiku jikoni – wali wa kijani, umeiva vizuri, punje mojamoja. Bata wa mwenyekiti wanaogelea humo, matumbo yamebadilika rangi.

"Mpagazi katuua!" "Mgambo aitwe!" Mwenyekiti kashika fimbo, na safari hii haniiti mtani. Nikasema niliwaambia jana! Nyote! Mama mmoja akasema ulituambia, lakini wewe mtani, nani humsadiki mtani?

Hapo nikaingiwa na woga kweli. Niliona wazee wamejishika vichwa. Waliacha minazi yao waje kwenye maji haya. Nikachota kata, nikasema angalieni, nakunywa.

Kata ikaondoka mkononi mwangu. Shomari. Kaichukua, kainywa yote mbele ya watu, mpaka tone la mwisho. Akajipangusa mdomo. "Kama ni sumu, mtani wangu yupo hapa, atanizika. Ndiyo kazi yake."

Akatoa ulimi. Kijani!

Halafu Bi Chausiku akaanza kucheka, kwa mbali, tumboni, hata sauti haitoki, machozi yanamtiririka – na kijiji chote kikalipuka. Wamenitoza kuku wa pili. Wali tumeula. Mtamu. Mwenyekiti kaomba aongezewe.

Walipotulia nikawaeleza. Rangi nimeimwaga kule juu, mahali barabara inapotaka kupita. Imewafikia hapa. Na oili itafika. Na tope litafika. Hakuna aliyecheka hapo. Bi Chausiku akaangalia kilima muda mrefu.

Shomari amenisindikiza hadi kwenye gari. Ulimi wake bado kijani. Sijui kwa nini naandika hili la ulimi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ripoti imekwisha. Mstari mrefu, wa nyuma ya kilima. Ndugu Zahor kaisoma, kasema "Hm."

Kwake Hm ni hotuba!

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekwenda kuangalia kama maji yamesafika. Yamesafika. Ningeweza kumtuma dereva. Nimekwenda mwenyewe.

Shomari alitoka darasani, watoto wanachungulia madirishani. Kasema anataka kunioa, na hatanii. Nikasema mtani yeyote husema hatanii. Kasema sawa, nifanyeje basi unisadiki? Nilikuwa na furaha, nilikuwa na kichaa, mdomo ukatangulia: "Mlete mshenga Tandale. Na aje kajitwika mzigo kichwani, kama mpagazi. Zamu yenu sasa!"

Akacheka. Nikacheka. Watoto wakacheka. Nimecheka njia nzima mpaka dereva kaniuliza nimekula nini.

Jumapili, 19 Oktoba

Kaja.

Nimetoka misa, nimekaa uani namenya ndizi, kanga ya jikoni. Mlangoni mzee wa watu, kanzu nyeupe, kofia ya vito, na kichwani tenga! Nazi, mchicha, magimbi, juu yake kuku hai kafungwa miguu. Jasho linamtoka. Watoto wa mtaani wanamfuata nyuma kama bendi. Ni mjomba wake Shomari. Alijitwisha hivyo tangu kituo cha basi!

Nikataka kucheka. Akatua mzigo, akakaa kwenye mkeka, akaanza: "Tumekuja hapa kuomba jiko." Sauti yake haina utani hata chembe. Ndizi ikaniponyoka mkononi.

Mama Eufrazia kamjibu kama mama mzazi. Kasema binti ana wazazi Tabora, barua itakwenda huko, hapa sie tunapokea salamu tu. Kamkaribisha chai. Alipoondoka kanigeukia. "Na dini? Wewe Felicitas, yeye Shomari. Umefikiri?" Nikasema sijafikiri, Mama. Nimemwambia ukweli: mie nilidhani natania. "Na sasa?"

Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kamasi na yote. Akasema haya, nimeshajua, nenda kanawe.

Nampenda. Nimeandika. Halifutiki, kalamu ya wino.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dar ni kijiji. Mzee wa watu katembea na kuku kichwani jana, leo Ndugu Romani yuko ofisini kwetu saa ya chai na habari yote. Hakupaza sauti. Kasema tu: ripoti hii imeandikwa na bibi harusi. Mkaguzi anaolewa na kijiji anachokikagua! Na hayo maji ya kijani nani aliyaona zaidi ya yeye na wakwe zake? Rangi ingeweza kumwagwa palepale kwenye chemchemi.

Iliniuma. Inauma kwa sababu mimi mwenyewe ningeuliza hivyohivyo.

Ndugu Zahor kanibakiza. Miwani, kitambaa, miwani. Kwao biashara ya duka ni ya tangu enzi za babu, anajua kupima maneno. Kasema kwa upole: "Binti, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hilo nchi nzima inalijua. Niambie ule ulikuwa utani wa watani, mzee na tenga lake, basi. Naandika hivyo, ripoti inapita leo, barabara inazunguka. Lakini ukiniambia ni kweli, ripoti siwezi kuipeleka popote. Shirika litaanza na mstari mfupi."

Neno moja tu. Utani. Hata kamusi haihitajiki! Chemchemi inapona.

Na mzee wa watu aliyejitwika? Neno hilo likiandikwa ofisini litafika Mtopeni kabla yangu. Shomari atalisikia, na hatarudia tena kuniambia. Ningekuwa yeye nisingerudia.

Kanipa mpaka kesho.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeingia kwa Ndugu Zahor kabla hajavua miwani. Nikasema ni kweli. Naolewa, kama Tabora watakubali. Sitanii.

Kabla hajasema Hm nikaendelea, haraka haraka, kama mtu anayeuza samaki: Ndugu, usinisadiki mie. Ndugu Romani amwage rangi mwenyewe. Kopo alishike yeye. Tundu achague yeye, popote kwenye mstari mfupi. Mie nitakaa bondeni na mikono yangu ionekane. Wewe uwe shahidi.

Akafuta miwani mpaka nikadhani itayeyuka. Akamwita Ndugu Romani kwa simu. Ndugu Romani kakubali, tena kwa furaha. Keshokutwa, Alhamisi. Rangi ikitoka, mstari mrefu. Isipotoka, mfupi, na Ijumaa vigingi vinapigwa.

Nimeruka ngazi mbilimbili kushuka. Huko chini nikasimama. Achague tundu yeye! Mie nimelijaribu moja tu. Mengine sijui yanaishia wapi.

Mdomo wangu huu!

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekwenda Mtopeni kuwaambia. Wanawake walewale, mahali palepale. Kesho maji yatageuka kijani – Mungu akipenda. Choteni leo.

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Wamekwenda kuchukua madebe.

Ningependa wangecheka kidogo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika hapahapa, nimekaa kwenye jiwe, mikono inaonekana.

Kijiji chote kipo. Mbele ya kila mlango kuna mitungi, madebe, sufuria, beseni, hata birika ya mwenyekiti – vyote vimejaa maji meupe, vimefunikwa majani ya mgomba. Tangu alfajiri wamechota. Bata wamefungiwa ndani. Hakuna shati hata moja kwenye kamba.

Ndugu Zahor kakalia kiti cha mwalimu, kakunja suruali, ametazama maji kama anayesubiri mtoto azaliwe. Ndugu Romani kamwaga kitambo, kesha kushuka. Alichagua tundu la mbali kabisa, karibu na kilele. Ana haki. Kanitolea salamu vizuri, vidole vyake vya manjano. Nikataka kumwambia sabuni haisaidii.

Maji bado meupe.

Shomari kasimama upande wa pili na watoto wa darasa lake. Nilimwambia asubuhi kwamba ofisini nimesema ni kweli. Akauliza, "Hata kwa sababu ya maji hukutania?" Nikasema hata kwa sababu ya maji. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kumbe naye! Nimecheka peke yangu kama punguani, Ndugu Zahor akageuka.

Sasa sicheki. Jua limepanda. Ile ya kwanza ilifika mapema kuliko hivi. Nadhani. Sikumbuki, nilikuwa nakula muhogo.

Meupe.

Ndugu Romani hasemi kitu. Angesema kitu ningemchukia kidogo, ingenisaidia.

Bi Chausiku anakuja. Tangu nimefika hajaniita mpagazi, hajauliza mizigo. Nilimsalimu mtani wangu, "Hujafa tu?" – akaitikia "Marahaba, mwanangu," akaenda zake. Niliumia. Nikadhani amenikasirikia kwa kuyaweka maji yao rehani.

Amefika. Amepiga magoti mbele yangu, yeye na mwili wake ule. Kiatu changu! Kapiga rangi, kafunga na kamba mpya. Hakutaja kuku. Kakiweka karibu na mguu wangu, kajifunika kanga usoni, karudi kukaa na wanawake, kanigeuzia mgongo kwa heshima. Huyo Bi Chausiku! Wanawake wengine wanatazama chini.

Mama mkwe hataniwi. Amekwisha kuwa mama mkwe, na maji hayajasema neno.

Nimekivaa. Kimepanuka, mguu wake mkubwa. Kile kingine kiko Tandale, sikujua. Basi mguu mmoja kiatu, mguu mmoja ndala, nimekaa. Ndugu Zahor anainuka kitini, anainama juu ya maji, anavua miwani –